Maswali ya Wasomaji: Daiodi ya Gerimani, Daiodi ya Silikoni na Ile Namba 0.7

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu daiodi, kifaa kidogo chenye miguu miwili kinachopitisha umeme upande mmoja kwa urahisi kuliko mwingine. Tumechagua sita kati yake na kuzipanga kwa namna ambayo jibu la kwanza linayatengenezea njia yanayofuata. Kwa hiyo tunamwomba msomaji alisome hilo kabla ya kurukia swali lake mwenyewe, hata kama linaonekana kuwa la darasani.

Shikamoo Mwalimu. Vitabu vyetu vinasema kuwa daiodi ya silikoni hufunguka kwenye volti 0.7 na ya gerimani kwenye volti 0.3. Nilichukua daiodi ya silikoni aina ya 1N4148, nikaiunga kwa mfululizo na rezista na betri ya volti 9, kisha nikapima volteji kati ya miguu yake. Kwa rezista ya kiloomu 1 nilipata volti 0.70, kwa kiloomu 10 nikapata 0.60, na kwa kiloomu 100 nikapata 0.49. Je, daiodi yangu ni mbovu, au mita ndiyo inayodanganya? (Mwanafunzi wa sekondari)

Marahaba, mwanangu. Daiodi yako ni nzima na mita yako inasema kweli. Kipimo ulichokifanya kinafundisha zaidi kuliko michoro mingi ya ubaoni. Tatizo liko kwenye neno "hufunguka". Neno hilo linamfanya mtu aione daiodi kama mlango wenye komeo, kwamba chini ya volti 0.7 hakuna kinachopita na juu yake kila kitu kinapita, ilhali ndani ya daiodi hakuna komeo la namna hiyo. Mkondo upo tangu mwanzo, ila ni mdogo mno, na jambo la kulitazama ni jinsi unavyokua.

Rudi kwenye namba zako. Ulipotumia rezista ya kiloomu 1, volti 8.3 zilibaki kwenye rezista, kwa hiyo mkondo ulikuwa miliampia 8.3. Kwa kiloomu 10 ulikuwa miliampia 0.84, na kwa kiloomu 100 ulikuwa takriban miliampia 0.085. Kila hatua mkondo umepungua karibu mara kumi, na kila hatua volteji ya daiodi imeshuka kwa volti 0.1 hivi tu. Hiyo ndiyo kanuni yenyewe, nawe umeipata kwa mikono yako: volteji ikiongezwa kwa kiasi kilekile, mkondo huzidishwa kwa kiasi kilekile. Katika daiodi kamilifu iliyo kwenye joto la chumbani, milivolti 60 zinatosha kuuzidisha mkondo mara kumi. Daiodi halisi huhitaji kati ya 60 na 120, na hiyo yako iko karibu na 100.

Sasa chora grafu. Ukiupa mhimili wima kipimo cha miliampia, mstari utaonekana umelala kabisa mpaka kufikia karibu volti 0.6, kisha utapanda ghafla, na utasema kuwa hapo ndipo daiodi ilipofunguka. Lakini chukua daiodi ileile na data ileile, uupe mhimili kipimo cha mikroampia, na mpindo utahamia karibu na volti 0.3. Mpindo hauko ndani ya daiodi. Uko kwenye kipimo tulichokichagua sisi wenyewe. Namba 0.7 ni makubaliano mazuri ya mafundi kwa mikondo ya miliampia chache hadi makumi kadhaa, ambayo ndiyo inayotumika katika saketi nyingi ndogo, na kwa kazi hiyo itumie bila wasiwasi.

Umeuliza kuhusu silikoni, lakini tofauti yake na gerimani inatoka mahali hapohapo. Elementi hizi mbili ni ndugu: kila moja ina elektroni nne kwenye tabaka la nje la atomu yake. Zikiwa safi na baridi, elektroni hizo zimefungwa kwenye vifungo kati ya atomu na atomu, na haziwezi kubeba umeme. Ili elektroni moja iachane na kifungo chake inahitaji nishati ya kulivuka pengo fulani, ambalo kwenye silikoni ni elektronivolti 1.12 na kwenye gerimani ni 0.67 tu. Joto la kawaida la chumbani huzitikisa atomu zote mbili kwa nguvu sawa, lakini pengo la gerimani likiwa fupi, elektroni zinazofanikiwa kulivuka ni nyingi mno kuliko za silikoni: katika sentimita moja ya ujazo ya silikoni safi kuna elektroni huru bilioni 10 hivi, na katika gerimani safi ziko kama trilioni 24. Tofauti ni ya zaidi ya mara elfu mbili, na inatokana na pengo ambalo halijapungua hata kwa nusu.

Daiodi hutengenezwa kwa kuunganisha pande mbili za fuwele moja, na mahali zinapokutana huitwa kiungo. Upande wa N umetiwa chembe za elementi kama fosforasi, ambazo huleta elektroni za ziada, na upande wa P umetiwa chembe za elementi kama boroni, ambazo huacha nafasi zisizo na elektroni tunazoziita matundu. Zinapokutana, elektroni za jirani huhamia kwenye matundu ya jirani, na hapo mpakani hubaki ukanda usio na vichukuzi vya chaji (elektroni huru na matundu), wenye mteremko wa umeme unaozuia uhamaji usiendelee. Volteji ya mbele, yaani chanya ya betri ikiwa upande wa P na hasi upande wa N, huupunguza mteremko huo. Vichukuzi vyenye nishati ya kutosha kuupanda huongezeka kwa kuzidishwa kila unapopunguzwa kidogo, kwa sababu ndivyo joto linavyoigawa nishati miongoni mwa chembe: zenye kidogo ni nyingi sana, na zenye nyingi ni chache sana. Hapo ndipo kanuni uliyoipima inapozaliwa.

Katika gerimani mteremko huo ni mfupi zaidi, kwa hiyo kwa volteji ileile mkondo wake huwa mkubwa kwa maelfu ya mara. Ukitaka miliampia moja kutoka kwa kila daiodi, gerimani itaitoa kwenye volti 0.2 au 0.3 na silikoni kwenye 0.6 hivi. Lakini wepesi huo una gharama. Geuza betri upande wa nyuma: daiodi ndogo ya silikoni huvujisha nanoampia chache, na ya gerimani huvujisha mikroampia kadhaa hadi makumi. Watu husema gerimani ina "faida" ya volteji ndogo na "hasara" ya kuvuja, kana kwamba ni tabia mbili. Ni tabia moja iliyotazamwa kutoka pande mbili, na hakuna fundi awezaye kuichukua moja akaiacha nyingine.

Ndugu Mwandishi, kama kiungo cha P na N kina volteji yake ya ndani, mbona nikiweka voltimita kwenye daiodi isiyounganishwa na kitu chochote sioni hata milivolti? Na je, siwezi kuunga daiodi nyingi kwa mfululizo zikawa betri? (Msomaji wa siku zote)

Volteji hiyo, ambayo ndiyo mteremko wa umeme wa jibu la kwanza, ipo kweli, lakini haiko peke yake. Ili kuipima unalazimika kugusa upande wa P kwa chuma na upande wa N kwa chuma, na kila mahali chuma kinapokutana na nusukipitishi (kama silikoni au gerimani) huzaliwa tofauti nyingine ya umeme. Ukizunguka saketi nzima kutoka ncha moja ya voltimita hadi nyingine, tofauti hizo zote hujumlishwa na kufutana kabisa, mradi kila sehemu ina joto sawa na hakuna mwanga unaoingia. Zisingefutana, daiodi iliyolala mezani ingeendesha mkondo milele bila kutumia nishati yoyote, jambo ambalo maumbile hayaliruhusu.

Hata hivyo, wazo lako la betri si la kubezwa, kwa maana limekosa kitu kimoja tu, nacho ni mwanga. Chukua daiodi ya silikoni yenye mwili wa kioo kinachopitisha mwanga, iweke karibu na taa kali, na uipime kwa voltimita nyeti: utaona volteji ndogo ikijitokeza, na itatoweka ukiifunika. Mwaka 1940 Russell Ohl wa maabara za Bell nchini Marekani aliona jambo hilo kwenye kipande cha silikoni chenye ufa, na alipochunguza kwa nini mwanga unazaa umeme hapo aligundua kuwa pande mbili za kipande hicho zilikuwa na uchafu wa aina tofauti. Ndivyo kiungo cha P na N kilivyojulikana. Paneli ya umeme wa jua ni daiodi pana za silikoni zilizoungwa kwa mfululizo, kila moja ikitoa takriban volti 0.5 au 0.6, na kwa hiyo betri uliyoifikiria imekwisha kutengenezwa.

Mwalimu, ninawafundisha vijana kutengeneza redio ya fuwele isiyotumia betri. Daiodi yetu ya gerimani ilivunjika, tukaweka 1N4148 mahali pake. Stesheni dhaifu zikatoweka zote, na hata ile yenye nguvu ikawa inasikika kwa mbali sana. Kinachonitatiza ni hiki: ishara kutoka kwenye antena yangu haifiki hata volti 0.3, na bado gerimani ilikuwa inaipokea vizuri. Iliipokeaje kitu kilicho chini ya kiwango chake? (Fundi wa redio)

Nimelifurahia sana swali hili, kwa sababu mwenye kuliuliza amekwisha kuona kuwa maelezo ya kizingiti hayatoshi. Mtu anayeamini komeo la volti 0.3 hawezi kuieleza redio ya fuwele hata kidogo. Kwake redio hiyo ingepaswa kuwa kimya daima.

Kazi ya daiodi katika redio hiyo ni hii. Wimbi linalofika kutoka kituoni hupanda na kushuka mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na sauti imebebwa katika ukubwa wa mapandio hayo. Ukilipeleka moja kwa moja kwenye kisikizi cha sikioni, kila kupanda hufutwa na kushuka kunakofuata, na wastani wake ni sifuri. Kinachohitajika ni kifaa kinachoupendelea upande mmoja kuliko mwingine, hata kwa kidogo, ili wastani usiwe sifuri tena bali ufuate sauti. Hakihitajiki kifaa kinachofunga kabisa upande mmoja. Kinahitajika mstari uliopinda, basi, na mstari wa daiodi umepinda hata pale kwenye volti sifuri.

Kwa nini basi silikoni imeshindwa ilhali nayo imepinda? Tazama ukinzani wa daiodi ikiwa karibu na volti sifuri, maana hapo ndipo ishara yako dhaifu inapofanyia kazi. Kadiri mkondo wa mvujo unavyokuwa mdogo, ndivyo ukinzani huo unavyokuwa mkubwa. Daiodi ya gerimani yenye mvujo wa kimsingi (ule uliopo kwenye volteji ndogo sana ya nyuma) wa karibu mikroampia 1 huonekana kwa ishara ndogo kama rezista ya makumi ya kiloomu. Ile 1N4148, ambayo mvujo wake wa kimsingi ni nanoampia chache, huonekana kama rezista ya zaidi ya omu milioni 10. Saketi yako ya koili na kapasita, ikiwa imetengenezwa vizuri, ina ukinzani wa mamia ya kiloomu unapotega stesheni. Nguvu kidogo iliyonayo huingia kwenye makumi ya kiloomu, lakini mbele ya omu milioni 10 ni sawa na waya uliokatika. Mvujo tuliouita hasara katika jibu la kwanza ndio uliokuwa ukiwasikilizisha vijana wako redio.

Kuna jambo lingine linaloeleza ukimya wa stesheni dhaifu. Ishara inapokuwa ndogo kuliko milivolti makumi kadhaa, sauti inayotoka hailingani na ishara bali na mraba wake: ishara ikipungua kwa nusu, volteji ya sauti hubaki robo. Ndiyo maana katika redio ya fuwele stesheni mbili zilizotofautiana kidogo kwa nguvu husikika kana kwamba moja iko chumbani na nyingine iko ng'ambo ya ukuta, na ndiyo maana antena ndefu na waya mzuri wa ardhini huleta mabadiliko makubwa kuliko mtu anavyotarajia.

Sasa tiba. Ukipata daiodi nyingine ya gerimani, kama 1N34A, kazi imekwisha. Usipoipata, unaweza kuisaidia silikoni kwa kuisogeza mahali ambapo mstari wake umepinda vizuri, yaani kwa kuipitishia mkondo mdogo wa mbele wa kudumu. Betri moja ya volti 1.5 ikipitia rezista ya omu milioni 1 itaipa daiodi mikroampia 1 hivi, na hapo ukinzani wake utashuka hadi kwenye makumi ya kiloomu kama wa gerimani. Weka kapasita ndogo kati ya saketi ya kutegea na daiodi, ili koili isiupitishe mkondo wa betri moja kwa moja hadi ardhini. Redio haitakuwa tena isiyotumia betri, nalijua hilo, lakini betri hiyo itadumu kwa miaka, na vijana wataona kwa masikio yao kwamba silikoni haikuwa na kasoro. Njia ya tatu ni daiodi ya Schottky, iliyopewa jina la mwanafizikia Mjerumani Walter Schottky, ambayo ndani yake chuma hugusana na silikoni badala ya P kugusana na N. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya kunasa mawimbi dhaifu na zinafanya kazi vizuri. Hata hivyo zinatofautiana sana kwa mvujo, kwa hiyo jaribu zaidi ya aina moja.

Usiende tu kwenye upande wa pili ukachagua gerimani inayovuja kupita kiasi. Hiyo huitwisha saketi ya kutegea mzigo mzito, na utasikia stesheni mbili zikiingiliana. Hakikisha pia kuwa kisikizi chako ni cha ukinzani mkubwa, omu 2,000 au zaidi, au kile cha fuwele. Visikizi vya simu vya omu 32 havifai hapa. Kile cha fuwele hakipitishi mkondo mnyoofu, kwa hiyo kiwekee rezista ya kiloomu 47 hadi 100 sambamba nacho, vinginevyo chaji itajilimbikiza na sauti itakwama.

Inafaa vijana hao wajue kuwa wanatembea kwenye njia ya zamani. Ferdinand Braun aliona mwaka 1874 kuwa fuwele za salfaidi za metali hupitisha umeme upande mmoja kwa urahisi kuliko mwingine, na mwaka 1906 Greenleaf Whittier Pickard alipata hataza ya kunasa mawimbi ya redio kwa silikoni. Wasikilizaji wa miaka iliyofuata walikuwa wakiigusisha ncha ya waya mwembamba kwenye fuwele, wakitafuta doa linalofanya kazi, na mtikisiko mmoja wa meza uliweza kuwalazimisha kuanza upya. Daiodi ya 1N34, iliyotoka mwaka 1946, iliufunga waya huo mwembamba pamoja na kipande cha gerimani mahali pamoja, na utafutaji ukakoma.

Swali la mtihani lilitaka tuunge daiodi ya silikoni na ya gerimani sambamba, zote zikielekea mbele, kupitia rezista ya kiloomu 1 kutoka kwenye volti 6. Mwenzangu anasema kila moja itabeba nusu ya mkondo. Mimi nasema silikoni haibebi chochote. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa chuo)

Wewe uko karibu zaidi na ukweli. Miguu yao imeungwa pamoja, kwa hiyo volteji yao lazima iwe moja, na gerimani ndiyo inayoiamua: takriban volti 0.3, ambayo huacha volti 5.7 kwenye rezista na mkondo wa miliampia 5.7. Kwenye volti 0.3 silikoni hupitisha mikroampia moja hivi, yaani sehemu ndogo sana ya jumla. Andika "karibu sifuri" na si "sifuri", na mtahini makini atakusifu. Ongeza pia, kama nafasi inaruhusu, kwamba mambo hubadilika mkondo ukiwa mkubwa: daiodi ndogo ya gerimani ina ukinzani wa ndani usio mdogo, kwa hiyo kwenye makumi ya miliampia volteji yake hupanda hadi kuifikia ile inayoiamsha silikoni, na hapo silikoni huanza kubeba sehemu yake. Zikiungwa kwa mfululizo, volteji zao hujumlishwa tu na kuwa karibu volti 1.

Nimetengeneza chaja yenye transfoma ya volti 12 na daraja la daiodi nne za 1N4007. Nilitarajia volti 12, kisha nikatoa 1.4 za daiodi mbili nikategemea 10.6, lakini baada ya kuweka kapasita napata zaidi ya 15. Na pia daiodi zinapata joto. Je, nikiweka za gerimani sitaokoa volteji na joto? (Mpenzi wa elektroniki)

Volti 12 za transfoma ni kipimo cha nguvu sawia (RMS), yaani volteji ya betri ambayo ingetoa nguvu ileile, si cha kilele. Mkondo geu wa volti 12 hufikia kilele cha volti 17 hivi, na kapasita hujaa hadi karibu na kilele hicho. Toa daiodi mbili ambazo mkondo huzipitia katika kila nusu ya mzunguko, na utapata 15.6 au zaidi kidogo, hasa mzigo ukiwa mwepesi. Kapasita yoyote utakayoinunua iweze kustahimili volti 25.

Kuhusu joto, namba 0.7 inakupunja. Kwenye mkondo wa ampia 1 daiodi ya 1N4007 hufikia karibu volti 0.9, kwa kanuni ileile aliyoipima mwanafunzi wetu wa kwanza, na kila volti inayobaki kwenye daiodi hugeuka kuwa joto. Zaidi ya hayo, kapasita hujazwa kwa mipigo mifupi kileleni, na katika mipigo hiyo mkondo huwa mkubwa mara kadhaa kuliko wastani unaouona kwenye mita. Daiodi hiyo ni ya wastani wa ampia 1. Ukikaribia kiasi hicho ni busara kutumia kubwa zaidi.

Gerimani isikuvutie kwa kazi hii. Mvujo wake hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Kutoka nyuzi 20 hadi 70 za Selsiasi kuna maradufu tano, yaani mara 32. Mvujo huo, ukiwa chini ya volteji ya nyuma, huzaa joto, joto huongeza mvujo, na mvujo huongeza joto tena mpaka kiungo kiharibike. Gerimani huhitaji kubaki chini ya nyuzi 75 hadi 90, ilhali silikoni huvumilia 150 na zaidi, na pengo pana la nishati ndilo linaloilinda. Sababu hii, pamoja na oksidi imara inayoota juu ya silikoni na kuikinga, ndiyo iliyoiondoa gerimani kwenye vifaa vya nguvu, ingawa transista ya kwanza ya mwaka 1947 ilikuwa ya gerimani. Ukitaka kweli kuokoa volteji kwenye saketi ya volti chache, tumia daiodi kubwa za Schottky, au transfoma yenye mguu wa katikati (center tap), ambayo huhitaji mkondo upitie daiodi moja tu badala ya mbili. Kwa chaja ya volti 15, hata hivyo, hizo 1.4 si hasara ya kukukosesha usingizi.

Nina kopo la daiodi za kioo nilizozitoa kwenye redio mbovu, na maandishi yamefutika. Nitazijuaje za gerimani? (Fundi mwanafunzi)

Anza kwa macho. Daiodi nyingi za zamani za gerimani zina kioo kirefu kidogo, na ndani yake utaona waya mwembamba uliopindwa ukigusa kipande kidogo kwa ncha. Msitari uliochorwa upande mmoja wa mwili huonyesha kathodi, yaani mguu wa upande wa N.

Kisha weka multimita kwenye sehemu ya kupimia daiodi. Multimita nyingi za kidijitali hupitisha takriban miliampia 1, na kusomeka kwa volti 0.55 hadi 0.65 ni silikoni. Kusomeka kwa 0.2 hadi 0.4 kunaweza kuwa gerimani, lakini kunaweza pia kuwa Schottky, kwa hiyo usiishie hapo. Ukitumia mita ya mshale kwenye kipimo cha omu, kumbuka kuwa katika nyingi kati yake waya mwekundu ndio wenye hasi ya betri ya ndani. Wengi wamekwisha kuitupa daiodi nzima kwa kutojua hilo.

Kipimo kinachoamua ni cha mvujo. Unga betri ya volti 9, rezista ya kiloomu 100 na daiodi kwa mfululizo, daiodi ikiwa imegeuzwa nyuma, kisha pima volteji kwenye rezista. Kila volti 1 unayoisoma ni mikroampia 10. Silikoni ya kawaida na Schottky ndogo zitakupa kitu karibu na sifuri. Gerimani itakupa sehemu ya volti hadi volti kadhaa. Sasa ibane daiodi kwa vidole viwili: ikiwa ni gerimani, namba itaanza kupanda mbele ya macho yako kwa joto la ngozi tu. Ukiona volti 3 au 4 ambazo hazitikisiki ukiishika, hiyo si gerimani bali ni daiodi ya Zener (inayopitisha mkondo wa nyuma ikifikia volteji yake maalumu) ya volti tano au sita, iweke kando kwa kazi nyingine.

Ukizirudisha kwenye saketi, usipinde mguu karibu sana na kioo, maana hupasuka, na unapolehemu ushike mguu kwa koleo jembamba kati ya mwili na sehemu unayoiyeyushia risasi, ili koleo libebe joto ambalo gerimani haiwezi kulibeba. Usiipime tena mara tu unapomaliza; ikiwa bado ya moto mvujo utasomeka mkubwa mara nyingi kuliko ulivyo, na utaitoa daiodi nzima kwenye saketi ukidhani umeiunguza. Iache dakika mbili tatu ipoe, ndipo uipime.